Uliza Maalim: Rauta tatu kwenye swichi moja

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza, kila moja kwa namna yake, juu ya rauta zaidi ya moja kukaa kwenye swichi moja. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeiachia nafasi kubwa, maana tatizo lake nalikuta mara kwa mara kwenye hoteli ndogo za pwani ya mashariki ya Unguja, na kijana aliyeandika ameeleza kwa utulivu mpaka fundi aliye mbali anaweza kumsaidia.

Swali

Maalim, assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa nyumba ya wageni hapa Jambiani, vyumba kumi na viwili. Tuna swichi ya milango 24 nyuma ya kaunta ya mapokezi. Nimechomeka rauta tatu: ya faiba (192.168.1.1), ya laini ya simu ya 4G (192.168.1.2) kwa ajili ya faiba ikikatika, na ya tatu (192.168.1.3) inayokwenda nyumba ya wafanyakazi upande wa pili wa uwanja. Huko kuna kamera za ulinzi kwenye mtandao wa 192.168.20.0. Rauta ya faiba nimeisetia kwamba faiba ikikatika ipeleke kwa ya 4G. Ya 4G nimeisetia ipeleke kwa ya faiba, ili bando lisiliwe bure. Faiba ikiwepo mambo shwari. Ikikatika, badala ya 4G kushika, kila kitu kinakufa, na nikipiga tracert, amri ya kuonyesha rauta ambazo ujumbe unapitia, naona 192.168.1.1, 192.168.1.2, 192.168.1.1, 192.168.1.2, mpaka mstari wa 30. Bosi amenunua swichi mpya, hali ni ile ile. Tena hata faiba ikiwepo, chumba kimoja simu hii inapata intaneti na ile haipati. Tufanyeje?

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Swichi ya zamani haikuwa na kosa. Iweke kabatini iwe akiba. Swichi ya kawaida inasoma anwani ya MAC, yaani namba ya kifaa chenyewe, inakumbuka kifaa kipo mlango gani, inapitisha. Habari ya kutoka nje kwa njia ipi haiijui. Anayeamua njia ni rauta, na rauta inafuata orodha uliyoiandikia wewe. Mngenunua swichi nyingine tano, mistari ya tracert ingebaki vile vile.

Hebu tuisome hiyo mistari. Faiba imekatika. Simu ya mgeni inatuma paketi, yaani kipande cha data, kwa 192.168.1.1. Rauta hiyo inaona faiba hakuna, inafuata amri ya pili uliyoipa: peleka kwa 192.168.1.2. Ya 4G inapokea, inatazama orodha yake, inakuta njia ya jumla, yaani ile ya kila paketi isiyotajwa kwingine, imeandikwa ielekee 192.168.1.1. Inairudisha. Ya kwanza nayo inaituma tena kule kule. Ni kama mgeni aliyepotea Darajani: huyu anamwambia kamuulize yule, yule anamwambia rudi kwa huyu.

Kinachofanya mzunguko huo ukome ni tarakimu iliyomo ndani ya kila paketi ya IP, inaitwa TTL. Simu nyingi huianzisha kwenye 64, Windows huianzisha kwenye 128. Kila rauta ikiipitisha paketi hupunguza moja. Ikifika sifuri, rauta iliyonayo huitupa na kumjulisha aliyetuma. Kwa hiyo paketi moja ya mgeni inapita kwenye swichi yako mara sitini na zaidi bila kufika popote. Sasa fikiria simu zote za hoteli, kila moja ikirudia kutuma kwa sababu haikujibiwa. Ndiyo maana faiba ikikatika hata ukurasa wa kusetia rauta unakuwa mzito kufunguka, na ndiyo maana ukadhani swichi imekufa.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Ingia kwenye rauta ya 4G, futa njia inayoelekea 192.168.1.1. Rauta ya 4G iwe na njia moja tu ya kutoka nje, nayo ni laini yake ya simu. Rauta ya faiba ndiyo iwe na njia mbili: ya faiba kwa namba ndogo ya umbali, tuseme 1, na ya kwenda 4G kwa namba kubwa, tuseme 10. Rauta hutumia ndogo kwanza. Nakuelewa ulivyolihurumia bando, lakini bando unalilinda kwa namba hizo na kwa kuhakikisha hakuna simu inayokwenda 4G moja kwa moja. Rauta mbili zikielekezana njia ya jumla, siku moja zitazungushana. Kinachosubiriwa ni faiba kukatika tu.

Hilo la simu kwenda moja kwa moja ndilo linalonipeleka kwenye lalamiko lako la pili. Bila shaka rauta ya faiba na ya 4G zote zinagawa anwani, maana hutoka kiwandani DHCP, huduma ya kugawa anwani, ikiwa imewashwa. Simu ikiingia inapiga kelele mtandao mzima, "nani atanipa anwani?", na inamkubali aliyewahi kujibu. Mmoja anaambiwa lango lake, yaani rauta ya kutokea nje, ni .1 (192.168.1.1), mwingine .2. Mbaya zaidi, kama zote zinaanza kugawa kutoka 192.168.1.100, simu mbili zaweza kupewa anwani moja, na hapo ndipo unapoona huyu anapata na aliye kitanda cha pili hapati. Umeme ukizimika ukarudi hali inachanganyika upya, kwa sababu rauta iliyowahi kuwaka ndiyo inayowahi kugawa. Zima DHCP ya 4G. Zima na ya rauta ya tatu kwa upande unaotazama swichi. Abaki mgawaji mmoja, ile ya faiba, na agawe kutoka .100 hadi .200, ili .1, .2 na .3 zisije zikapewa simu.

Kwa hatua hizo kuzungushana kwa faiba na 4G kumekwisha. Lakini ningekuwa mimi nisingeishia hapo, na nakuomba sana na wewe usiishie hapo. Rauta ya 4G haina kazi kwenye swichi ya wageni. Tazama kinachotokea ikiachwa humo. Faiba haipo, simu inatuma kwa .1, .1 inapeleka kwa .2, .2 inatoa nje. Jibu likirudi, .2 inaona mwenyewe yupo kwenye mtandao wake huo huo, inampa moja kwa moja bila kupitia .1. Faiwali ya .1, yaani mlinzi wake wa ndani, inasikia nusu ya mazungumzo: maneno ya simu inayaona, majibu hayaoni. Faiwali nyingi zikifika hapo huona mambo si halali na kuanza kutupa paketi. Matokeo yake ni intaneti inayofungua kurasa nyingine na kukwama kwenye nyingine, ugonjwa mgumu kuliko wa mwanzo, kwa sababu tracert itakuonyesha njia imenyooka.

Kwa hiyo angalia nyuma ya rauta ya faiba kama ina mlango wa pili wa kutokea nje, au mlango wa ndani unaoweza kubadilishwa kazi. Ikiwa upo, chomoa 4G kwenye swichi, uichomeke hapo, na upande wake uupe mtandao mwingine, kwa mfano 192.168.2.0. Kuanzia hapo hakuna simu inayoweza kuiona 4G bila kupita kwenye rauta kuu, na majibu yote yanarudi kwa mlango yaliyotokea. Paketi zitabadilishiwa anwani mara mbili, kwenye rauta kuu na kwenye 4G, lakini mgeni anayesoma barua pepe na kupiga simu za video hatahisi. Kama hakuna mlango wa ziada, basi swichi mpya iwe na faida: ikiwa ni ya aina inayokubali kusetiwa, na rauta kuu nayo inakubali VLAN, tengeneza VLAN mbili, yaani mitandao miwili iliyotengwa ndani ya swichi moja, moja ya wageni, moja ya rauta kuu na 4G peke yao. Ikiwa ni ile ya kuchomeka tu, haitaweza.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipita. Rauta yako inajuaje faiba imekatika? Kisanduku cha faiba ukutani kina umeme wake, na waya kutoka kisanduku hadi rauta ni mzima. Faiba ikikatwa na greda la barabara huko njiani, taa ya mlango wa rauta inabaki ya kijani, na rauta inaendelea kuamini kwamba njia ipo. Iwekee ukaguzi: ipige pingi, yaani itume ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?", kwa anwani ya mbali, kama 8.8.8.8, kila baada ya sekunde kadhaa, ikikosa majibu mara tatu mfululizo ihamie 4G. Kisha, hapa usikilize vizuri, iandikie njia ya peke yake kwamba 8.8.8.8 inatafutwa kwa faiba tu. Usipofanya hivyo, ikishahamia 4G pingi itajibiwa kupitia 4G, rauta itafurahi kwamba faiba imepona, itarudi kwenye faiba, itakosa, itahama tena, usiku kucha.

Sasa nyumba ya wafanyakazi. Hukuiuliza lakini mtego wake nauona kwenye maelezo yako. Rauta kuu inatakiwa iwe na njia inayosema 192.168.20.0 ipo kwa 192.168.1.3, na rauta ya tatu njia yake ya jumla ielekee 192.168.1.1. Hilo ni sawa kabisa. Ila siku umeme wa nyumba ile ukikatika kwenye kiswichi cha kamera na rauta ikabaki na umeme wa betri, mlango wa ndani wa rauta ya tatu utazimika. Mlango ukizimika, rauta inafuta habari kwamba 192.168.20.0 ni yake. Mashine ya kurekodi iliyopo mapokezi inaendelea kuzitafuta kamera, paketi inakwenda .1, inapelekwa .3, .3 haiijui tena 192.168.20.0, inafuata njia ya jumla, inairudisha .1. Mmerudi mlikotoka. Mwandikie huyo wa tatu njia ya kutupa: 192.168.20.0 yote, namba ya umbali 254, itupwe. Mlango ukiwa hai njia hiyo inashindwa na ile halisi na haitumiki. Mlango ukifa, paketi inatupwa pale pale. Kwenye rauta nyingi utaikuta kwa jina la blackhole, kwenye rauta za kampuni ya Cisco inaandikwa Null0.

Kabla hujaondoka hapo, jaribu. Chagua saa ambayo wageni wako ufukweni. Chomoa waya mwembamba wa faiba kwenye kisanduku cha ukutani, usichomoe ule wa rauta, ili taa ibaki ya kijani kama itakavyokuwa siku yenyewe. Ncha ya faiba usiiguse kwa kidole wala usiitazame ndani. Subiri rauta ihamie, piga tracert: mstari wa kwanza uwe 192.168.1.1, wa pili lango la 4G, kisha anwani za nje. Namba yoyote ikijirudia kwa kupokezana, simama hapo hapo utafute nani anamrudishia nani. Rudisha faiba, tazama inarudi yenyewe.

Na kwa kuwa uko Jambiani: chomoa plagi za waya moja moja utazame vile vyuma vidogo nane. Hewa ya chumvi inavifanya rangi ya kijani, na waya wa namna hiyo unakatika na kuunga mara nyingi kwa siku, kila mara rauta inafuta njia na kuandika upya. Kata ncha, piga plagi mpya. Mimi huzungusha utepe mwekundu kwenye kila waya unaokwenda nje na wa buluu kwenye kila unaokwenda ndani, ili atakayekuja baada yangu asichanganye.

Swali

Maalim, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli moja Wete, nasimamia chumba cha kompyuta. Jumatatu tulikuta mtandao wote umeganda na taa zote za swichi zinawaka na kuzima kwa pamoja, haraka sana. Tumezima na kuwasha rauta zote mbili, haikusaidia. Je, hii ndiyo rauta kuzungushana?

Jibu

Marahaba mwalimu. Hapana, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu dawa zake ni tofauti kabisa. Taa zote kuwaka na kuzima kwa pamoja ni dalili ya kitanzi cha waya. Tafuta waya ambao ncha zake zote mbili zimo kwenye swichi hiyo hiyo, au swichi mbili zilizounganishwa kwa waya mbili. Aliyefagia chumba aliona ncha inaning'inia akaisitiri kwenye tundu lililo wazi. Ametenda wema kwa nia yake.

Ubaya wa kitanzi hiki ni kwamba fremu za Ethernet, yaani vifurushi vinavyobeba paketi kwenye waya, hazina TTL. Zile za IP huchoka zikatupwa, hizi hazichoki. Kompyuta moja ikiuliza jambo kwa wote, swichi inanakili swali kwenye kila mlango, nakala inarudi kwa waya uliojikunja, inanakiliwa tena, mpaka milango imejaa. Mlango wa megabiti 100 unaweza kubeba fremu ndogo kabisa takriban 148,800 kwa sekunde moja, na kitanzi kitazitumia zote. Rauta hazihusiki, ndiyo maana kuziwasha upya hakukusaidia.

Chomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi, huku ukitazama taa. Ukichomoa ule wenyewe, zitatulia papo hapo. Angalia pia kile kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai: kikiwa kimeunganishwa kwa waya na wakati huo huo kimejiunga na waifai ya rauta hiyo hiyo, chaweza kuwa kitanzi kisichoonekana kwa macho.

Ikiwa skuli itapata fedha, nunueni swichi yenye STP, itifaki ya kuzuia vitanzi. Aliyeibuni ni mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, mwaka 1985 alipokuwa kampuni ya Digital Equipment Corporation, na ikawa kiwango rasmi cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Swichi zinatumiana ujumbe mdogo kila sekunde 2, zinakubaliana moja iwe shina, kisha kila njia ya ziada inafungwa na kubaki akiba. Mfundishe hili wanafunzi wa kike wa darasa lako, walijue jina lake. Swichi ya zamani yenye STP ya mwanzo husubiri sekunde 30 kabla ya kuufungua mlango mpya, msidhani imeharibika. Ile iliyoboreshwa, RSTP ya mwaka 2001, ni ya haraka zaidi.

Swali

Maalim, mimi ni mwanafunzi wa Taasisi ya Karume, Mbweni. Kwa nini tusiweke OSPF, itifaki ya rauta kuambizana njia, kwenye rauta zote za swichi moja, zijipangie zenyewe, tukaachana na kuandika njia kwa mkono?

Jibu

Kwa rauta tatu za hoteli, andika kwa mkono. Utakayemwachia ataisoma orodha yote kwa dakika moja. Zikifika tano au sita, OSPF inaanza kulipa. Kila rauta inakuwa na ramani nzima na kuhesabu njia fupi yenyewe, tofauti na RIP, itifaki nyingine ya njia, ambayo huamini maneno ya jirani na ikabidi iwekewe kikomo cha hatua 15, ya 16 ikihesabiwa haifikiki.

Kwenye swichi, OSPF huchagua msemaji mmoja na naibu wake, la sivyo rauta sita zingehitaji jozi 15 za kubadilishana ramani. Anayechaguliwa ni mwenye kipaumbele kikubwa, na wote huanza na 1, hivyo usipogusa namba huenda rauta dhaifu kuliko zote ikawa msemaji kwa sababu tu kitambulisho chake ni kikubwa. Wape wenye nguvu namba kubwa, na rauta usiyoitaka kabisa ipe 0. Wala usidhani OSPF inazuia kila mzunguko: ukimwaga njia za itifaki nyingine ndani yake katika sehemu mbili tofauti bila kuchuja, zitarudi zilikotoka na paketi zitazunguka kama za Jambiani.

Kuna jambo la kujaribu maabara. Unganisha rauta tatu kwa swichi, kisha chomoa waya wa mmoja. Wenzake wawili taa zao bado zinawaka, kwa sababu taa zao zinaonyesha uhai wa swichi, hazionyeshi uhai wa jirani. Watamngoja mpaka muda wake wa kimya uishe, ambao kwa kawaida ni sekunde 40, salamu zikitumwa kila sekunde 10. Ukitaka wagundue mapema, weka salamu sekunde 1 na kimya sekunde 4, lakini weka kwa rauta zote kwa pamoja, maana zikitofautiana hazitakubaliana ujirani kabisa.